Msimu wa Moteri Mbili

Alunguli, Jumatatu 22 Septemba 2003

Leo asubuhi Mama alinikuta nikiwasha moto, akaniambia niache kwanza.

"Latifa, ondoa kuni. Zote. Halafu mwite yaya yako Twaibu aje na jembe."

Lile rundo la kuni kwenye pembe ya jiko halijawahi kusogezwa tangu vita vilipoingia mjini Kindu. Tulichukua za juu, tukaongeza nyingine juu. Paa lilipovuja pale, Twaibu, kaka yangu, alitaka kulihamisha rundo, Mama akamfokea mbele ya mke wake. Tukasema basi, Mama ameanza kuzeeka.

Twaibu alichimba mpaka jembe likagonga chuma. Pipa. Kando yake, pipa la pili. Tulipofungua vifuniko, harufu ya mafuta mazito ikajaa jikoni. Ndani, zimefungwa kwa turubai na magunia, zimepakwa grisi kama mtoto mchanga anavyopakwa mawese, zilikuwamo moteri mbili za marehemu Baba, zile injini za mashua.

Baba Soudi alikuwa mvuvi. Vita vilipofika aliwaambia watu wote, hata sisi wanawe, kwamba askari wamemnyang'anya moteri zake. Akafa kwa homa mwaka uliofuata bila kubadilisha neno hata moja. Mama akabaki na siri hiyo peke yake. Askari wameingia jiko hili mara nyingi. Wamekula hapa. Wameegemeza bunduki zao kwenye kuni hizi, na mama yangu akawapakulia ugali.

"Mama, si ungetuambia?" Twaibu aliuliza.

"Ningewaambia, mungelala?" Mama akajibu. "Sasa mto umefunguka. Mashua zinashuka tena mpaka Lowa. Toa hizi vitu, kuni zangu zinaloa."

Kutwa nzima nimemtazama Mama kama mtu niliyekutana naye leo.

Alhamisi 25 Septemba

Okito, seremala wa pale ufukoni, ana mashua mpya ya mbao aliyoimaliza wakati wa kiangazi. Hana moteri. Sisi tuna moteri, hatuna mashua. Yeye na Twaibu wamezungumza kidogo tu, wakapeana mikono. Tutavua pamoja.

Jumamosi 27 Septemba

Mvua ya kwanza. Fupi, lakini mabati yote ya Alunguli yaliimba.

Alhamisi 2 Oktoba

Leo tumefunga moteri kwenye ubao wa nyuma wa mashua, moja kulia, moja kushoto. Twaibu alikuwa ameweka buji mpya, zile plagi za kuwashia, na kusafisha kila kitu kwa petroli. Akavuta kamba. Moteri ya kulia ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanguruma. Ya kushoto ikafuata. Miaka yote ile chini ya kuni! Wanawake waliokuwa wakifua walipiga vigelegele. Mama alisimama ufukoni, mkono mdomoni, akitikisa kichwa.

Halafu mashua haikwenda. Moteri zilipiga kelele ya kupasua masikio, elisi zikazunguka, yale majani matatu ya chuma yanayosukuma maji, povu likaruka nyuma yetu, na sisi tulikuwa tunashuka na mkondo kando kando kama gogo. Tulirudi kwa kasia.

Okito alisema moteri zimeoza ardhini. Twaibu alisema mashua yenyewe ni sanduku. Wakafokeana mpaka jua lilipokuwa kali. Mwishoni Okito akasema, "Iko muntu mumoja ng'ambo ya mto, mtaa ya Mikelenge. Alitengenezaka moteri za misheni, huku chini, mbele ya vita. Anaitwa Onema." Akainamisha macho. "Lakini ametoka porini."

Kutoka porini maana yake alikuwa mpiganaji wa Mai-Mai.

Jumapili 5 Oktoba

Amekuja. Ni mwembamba, mrefu, shingoni ana makovu madogo ya chale za vita. Alisalimia kwa mikono miwili. Mama aliitikia, akaingia ndani.

Lazima niandike hapa ninavyomwona, maana siwezi kusema kwa sauti. Wao ndio waliouzunguka mji huu. Hatukuweza kwenda shambani. Tulikula majani ya viazi bila chumvi, tukazika watoto wa jirani. Na mume wangu Kasimu alishuka mtoni kutega nyavu asubuhi moja, akasema atarudi kabla ya adhuhuri, na mpaka leo sijui ni nani aliyekutana naye huko. Askari wa mji? Watu wa porini? Maji? Hakuna aliyeleta hata shati.

Sasa mmoja wao amekaa kwenye kiti changu, anakunywa maji kwa kikombe changu.

Jumanne 7 Oktoba

Onema hakugusa moteri. Tuliivuta mashua nchi kavu, naye akalala chali mchangani chini yake, akanyoosha fimbo ndefu iliyonyooka kutoka tumboni mwa mashua kwenda nyuma mpaka kwenye moteri. Akaniita nishike ncha ya fimbo. Nilishika.

"Unaona hii bamba?" aliniuliza, akionyesha kipande bapa cha chuma kilicho juu ya elisi. "Inapaswa kulingana na tumbo ya mashua. Sasa iko juu sana. Elisi inakunywa upepo, haikunywi maji. Moteri iko muzima. Mashua pia iko muzima. Lakini hazijuani."

"Tufanye nini?" Twaibu aliuliza kwa sauti kubwa. Tangu bombu lililoanguka karibu na soko, sikio lake moja limekufa na la pili linasikia nusu, ndiyo maana anazungumza kama anayegombana.

"Tukate ubao wa nyuma. Tushushe moteri."

Okito alisimama mbele ya mashua yake na mikono kaitanua. "Nani atakata? Hii mbao niliifuata musituni, nikaibeba kwa bega!"

"Wewe mwenyewe njo utakata," Onema alisema polepole. "Mimi si seremala. Nikikata mimi itapinda. Ukikata wewe itakuwa kama ilizaliwa vile."

Okito aliupapasa ubao kwa kiganja. Halafu akaenda kuleta msumeno. Alikata, na mstari ulinyooka kama ukingo wa meza.

Jumatano 8 Oktoba

Mvua.

Ijumaa 10 Oktoba

Baada ya swala ya Ijumaa tulijaribu tena. Safari hii mashua ilikwenda, lakini kwa uzito, maji yakiruka juu ya ubao wa nyuma na kutumwagikia migongoni. Sasa moteri zilikuwa chini kupita kiasi. Nilidhani Okito atalia.

Onema alicheka. Mara ya kwanza kumwona akicheka. Alitoa mfukoni vipande vyembamba vya mbao ngumu alivyochonga mwenyewe, akalegeza skrubu za moteri, akapachika kipande kimoja chini ya kila moteri. Unene wake haukuzidi kidole changu.

"Yaya, hii itabadilisha nini?" nilimwuliza Okito kwa kunong'ona.

Kidole kimoja! Maji yaliacha kuruka. Sauti ya moteri ikashuka, ikawa nzito na laini, na ufuko wa Alunguli ukaanza kukimbia kurudi nyuma. Mashua nzima, mbao zote zile, sisi watu wanne, mapipa ya mafuta, vyote vinategemea unene wa kidole. Nimeutazama mkono wangu jioni hii yote.

Jumanne 14 Oktoba

Mashua inavuta upande wa kushoto. Onema anasema moteri mbili zikitazama pande tofauti zinakuwa kama wake wenza waliobeba ndoo moja. Ameziunganisha kwa chuma kimoja nyuma, ili ukigeuza moja na nyingine igeuke, kisha akapima kwa kamba umbali kati ya elisi na elisi, akarekebisha chuma, akapima tena.

Leo pia ameamua jambo lililonishangaza. Alimwambia Twaibu, "Kaka, wewe macho yako iko muzuri, kaa mbele, tazama magogo na mchanga. Lakini moteri inasemaka kwa sauti, na wewe hausikii sauti. Dada Latifa njo anasikia."

Nilitaka kukataa. Lakini Mama, aliyekuwa akisafisha dagaa pembeni, akasema bila kuinua kichwa, "Latifa alisikiaka mvua mbele ya watu wote tangu mutoto. Akae nyuma."

Hivyo nimekuwa mtu wa nyuma. Nimejifunza kutazama mkojo wa moteri, ule uzi wa maji unaotoka pembeni. Ukikatika, moteri inaungua, zima upesi. Nimejifunza pia kwamba elisi ikinywa upepo sauti inapanda juu kama mtu aliyekanyaga moto, na ikizama sana inakoroma.

Alhamisi 16 Oktoba

Mvua tena, kutwa. Nimekaa ndani nikisikiliza maji kwenye bomba la paa la jirani na kufikiria moteri.

Jumamosi 18 Oktoba

Sijui kama nitaweza kuandika hili vizuri.

Moteri haikai wima tu. Inaweza kuinama. Nyuma ya kila moja kuna matundu matano na pini ya chuma. Ukihamisha pini, mguu wa moteri unakaribia mashua au unajitenga nayo. Onema alitaka tuyajaribu yote, nijionee.

Tundu la kwanza, mguu ukiwa karibu kabisa. Pua ya mashua ilizama, ikalima mto kama jembe, usukani ukawa mzito mpaka viganja viliniuma. Tundu la mwisho. Pua ikatazama mbinguni, mashua ikawa inarukaruka kama mbuzi, Okito akashika mbao zake na kusoma dua ingawa yeye ni Mkristo.

Halafu Onema akaweka pini zote mbili kwenye tundu la tatu. "Sasa fungua. Zote mbili pamoja. Polepole. Sikiliza."

Nikafungua mafuta. Kwanza nyuma ikakaa chini kidogo. Sauti mbili zilikuwa zikipishana, uuu-wuu, uuu-wuu, nikapunguza ya kulia kidogo sana, zikaungana zikawa sauti moja. Na hapo mashua ikainuka. Sijui niseme nini kingine. Iliinuka yenyewe juu ya maji, tumbo likaacha kuburuta, mtikisiko ukaisha, na tukawa tunateleza juu ya mto wa rangi ya chai kana kwamba mto umetuachilia. Nyumba za mtaa wa Kasuku zilipita. Bandari ikapita. Upepo ukanivua kitambaa, nikakiacha kiende.

Miaka yote nimeuogopa mto huu. Leo nilikuwa juu yake, mkononi mwangu mna sauti moja iliyotoka kwa moteri mbili, na niliogopa bado, lakini ni woga wa aina nyingine, ule unaokupata msikitini watu wote wanaposujudu kwa pamoja.

Twaibu aligeuka kutoka mbele. Machozi yalikuwa yanamtoka na alisema ni upepo.

Ijumaa 24 Oktoba

Nimemwuliza. Tulikuwa tunapaka grisi, mimi na yeye, Okito akiwa ameondoka.

"Mume wangu alipotelea mtoni mwaka wa elfu mbili na moja, mwezi wa tano. Mtumbwi wenye mstari mwekundu. Ni watu wenu?"

Onema aliweka kitambaa chini.

"Sijui, dada. Mimi nilikuwa huku chini mbali, upande wa Lowa. Lakini siwezi kukuambia hapana. Watu wetu walisimamishaka mitumbwi. Mimi mwenyewe nilisimamisha. Wengine tuliwaacha wapite. Siwezi kukuambia wote walipita."

Nilitaka aseme hapana. Uongo tu, neno moja. Nilinyanyuka nikaenda nyumbani na mikono imejaa grisi.

Jumatatu 27 Oktoba

Ramadhani imeingia. Tunavua kabla ya jua kupanda. Samaki wako wengi. Sizungumzi naye.

Jumamosi 1 Novemba

Sizungumzi naye.

Jumatatu 3 Novemba

Mama ameshuka kwenye kambi ya mchanga, kile kisiwa kilicho chini ya mji ambapo wanawake hukausha samaki kwa moshi maji yanapokuwa machache. Hajafika huko tangu kabla ya vita. Neema, mke wa Twaibu, amekwenda naye, na wanawake wengine wa mtaa. Alipopanda mtumbwi alikuwa anaimba. Mama yangu, anaimba!

Alhamisi 13 Novemba

Wanaotoka Kibombo, juu ya mto, wanasema huko mvua haijakatika na mashamba ya mpunga yamezama. Hapa jua linawaka. Lakini mto umebadilika rangi tangu asubuhi, na unaleta majani na magogo.

Jumapili 16 Novemba

Jana sikuandika. Leo naweza.

Jana asubuhi mvuvi mmoja alipandisha kwa kasia kandokando ya ukingo, akafika kwetu amechoka, hawezi hata kusimama. "Kambi ya mchanga inazama," alisema. "Maji imebeba mitumbwi yao yote. Wanawake wako juu ya mchanga, na mchanga unaisha."

Twaibu hakusikia. Ilibidi nimshike uso asome midomo yangu, nikamwambia, "Mama. Neema." Akakimbia.

Onema alikuwa tayari ufukoni. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amekwisha kufunga moteri na kupakia mafuta. Okito alitaka kuingia, Onema akamzuia kwa mkono. "Kila muntu anayepanda hapa ni mama mumoja tutakayemwacha kule." Okito akarudi nyuma. Tukaenda watatu.

Kushuka kulikuwa rahisi mno, mto ulituchukua kama jani. Twaibu alikaa mbele na mti mrefu akisukuma magogo. Nilisikiliza moteri tu. Nilikuwa nimefunga, mate yamekauka, sikuwa na neno jingine isipokuwa jina la Mungu.

Tulikiona kisiwa. Kisiwa gani? Mstari wa watu wamesimama katikati ya mto, maji yamefika magotini, wameshikana mikono. Vichanja vya samaki vilikuwa vinaondoka kimoja kimoja. Mama alikuwa mwisho wa mstari, upande mkondo unakotokea, amewapa wengine mgongo kana kwamba anaweza kuuzuia mto kwa mwili wake.

"Usiende moja kwa moja!" Onema alinipigia kelele. "Pita, zunguka, ingia kutoka chini, pua itazame mkondo."

Tukazunguka. Mbele yetu maji yalikuwa haba juu ya mchanga, elisi zingegonga na kuvunjika. Onema aliizima moteri ya kushoto, akaiinua yote nje. Kisha akaizima ya kulia kwa pumzi moja tu, akahamisha pini mpaka tundu la mwisho, mguu ukajitenga na kupanda, akaiwasha. Sasa elisi ilikuwa juu juu kabisa, nusu inakunywa maji, nusu upepo, inalia vibaya.

"Mpe kidogo. Akilia, punguza. Akinyamaza, ongeza. Usimwache afe."

Nilifanya hivyo. Kidogo, punguza, ongeza. Mchanga ulikuwa unasugua tumbo la mashua. Onema aliruka majini, akaishika pua kwa mabega, naye Twaibu akavuta wanawake ndani mmoja mmoja. Neema alipanda akiwa na mtoto wa mwenzake mgongoni. Mama alipanda wa mwisho, na kikapu cha samaki kichwani.

"Mama, samaki hapana," Onema alimwambia.

Mama alimtazama. Akakishika kikapu kwa mikono miwili akakitupa mtoni mwenyewe.

Hapo ndipo safari ilipoanza. Tulipofika kwenye maji ya kina tulishusha moteri ya kushoto, tukafungua zote, tukaanza kupanda. Mashua ilikuwa imejaa, maji yako karibu na ukingo. Kwenye kona, pale mto unapobanwa, mkondo ulikuwa na nguvu nisizowahi kuziona. Ukingoni kulikuwa na mti ulioinamia maji. Niliutazama. Moteri zilinguruma kwa nguvu zote, nikatazama tena, na mti ulikuwa pale pale.

Wanawake walikuwa wamejazana nyuma, karibu nasi, wakiogopa mawimbi ya mbele. Pua ilikuwa juu, moteri ya kulia bado ina pini kwenye tundu la mwisho, inasukuma maji kwenda chini badala ya nyuma. Nililielewa jambo hilo kabla Onema hajasema, na yeye aliona kwamba nimeelewa.

"Kina mama! Songeni mbele! Kaeni chini!" nilipiga kelele. Hawakusogea. Mama akasimama, akatembea kwenda mbele katikati ya mashua inayoyumba, akakaa kwenye mbao za pua mahali mawimbi yanapopiga. Wakamfuata.

"Sasa pini," Onema alisema. "Nazima ya kulia. Utabaki na moja. Tutarudi nyuma. Usiogope kurudi nyuma."

Akazima. Mti ukaanza kutukimbia. Nyuma yetu, chini ya kona, magogo yalikuwa yamejikusanya ukingoni kama meno, nasi tulikuwa tunarudi kwenye meno hayo. Nilibaki na moteri ya kushoto peke yake, chuma cha kuunganisha kinanivuta mikono, uzi wa mkojo wake ninautazama, upo, bado upo. Onema alikuwa amening'inia nje ya mashua, kichwa karibu na maji, akiipapasa pini. Ilikuwa imekwama mchanga. Aliipiga kwa kisigino cha mkono. Akaipiga tena. Niliona damu. Ikatoka. Akaiingiza tundu la pili, moteri ikaanguka mahali pake, akavuta kamba, ikagoma, akavuta, ikawaka.

"Sasa ya kushoto, ikae tundu la pili kama mwenzake," akasema, na tukarudia yote, mimi nikiwa na ya kulia, magogo yakiwa karibu kiasi cha kusikia maji yakinong'ona ndani yake.

Kisha zote mbili. Sikungoja aniambie. Nilifungua polepole, nikasikiliza, zikapishana, nikarekebisha, zikaungana. Pua ikashuka. Sauti ikawa nzito. Niliutazama mti. Ulikuwa pale pale. Bado pale pale. Halafu, kwa mwendo wa kobe, ukaanza kuja kwetu. Tawi moja, shina, mizizi. Ukatupita. Twaibu, asiyesikia, alikuwa ameweka kiganja kwenye mbao za mashua, na alikuwa anatikisa kichwa juu na chini, juu na chini. Alikuwa anazisikia kwa mkono.

Tulipofika Alunguli adhana ya magharibi ilikuwa inaanza. Okito aliingia majini mpaka kifuani kuipokea mashua. Onema alichota maji mtungini, akaniletea kwa mikono yake yenye damu, akasema, "Fungua, dada. Jua limezama."

Nikanywa.

Jumatatu 17 Novemba

Nimelala kutwa. Mvua.

Jumanne 25 Novemba

Idi. Mama alipika pilau na kuku. Kabla sisi hatujala alijaza sahani kubwa kuliko zote, akaifunika kwa kitambaa cheupe, akasema niipeleke kwa Onema. Nilimkuta amekaa ufukoni peke yake na mkono uliofungwa.

Nilikaa naye mpaka akamaliza. Nilimwambia, "Kuhusu Kasimu, nilitaka uniambie uongo."

"Nilijua," alisema.

"Nashukuru hukuniambia."

Sijui kama nimemsamehe, wala sijui kama kuna kitu changu mimi cha kumsamehe. Najua tu kwamba mtu aliyesimamisha mitumbwi na mtu aliyening'inia juu ya magogo kwa ajili ya mama yangu ni mmoja, na kichwa changu hakiwezi kuwatenganisha. Nimejaribu.

Nilipomwuliza kwao ni wapi, alitaja kijiji cha mtoni, huku chini. Mama yake yuko huko, kama yuko hai. Tangu vita vianze hajarudi. "Ninaogopa," alisema. Basi.

Nimezungumza na Twaibu na Okito. Tutampeleka.

Jumapili 7 Desemba

Jana tumefika kijijini kwa Onema.

Tulishuka tangu alfajiri, mto umejaa, pini tundu la tatu, sauti moja njia nzima. Nilikuwa nyuma mimi peke yangu. Onema alikaa katikati na shati jipya alilopewa na Twaibu.

Tulipokata kona ya mwisho tuliona moshi wa majiko, nyavu zimeanikwa, sufuria juu ya moto. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Kuku walikuwa wanatembea. Mtumbwi mmoja ulikuwa bado unayumba, aliyekuwa ndani yake ametoka sasa hivi.

"Wamekufa?" Okito aliuliza.

"Wamekimbilia musituni," Onema alisema. "Wamesikia moteri mbili. Huku, miaka yote ya vita, mashua ya moteri mbili ilikuwa ya askari." Akanigeukia. "Zima, dada. Halafu uziinue. Zote. Juu kabisa, waone."

Nikazima. Kimya kile kilikuwa kikubwa mpaka nikasikia damu yangu. Twaibu alikuja kunisaidia, tukaziinua moteri moja baada ya nyingine mpaka elisi zikatoka majini na kusimama hewani, zinang'aa, zinadondosha maji. Mashua isiyoweza kumfukuza mtu. Mkondo ukatuchukua polepole, nao ungeweza kutupitisha kijiji na kutupeleka unakotaka, na hakuna aliyeshika kasia.

Onema alisimama. Alitaja jina lake kwa sauti kuu. Akataja la baba yake, na la babu yake. Msitu haukujibu. Akarudia. Sauti ilimkatika katikati ya jina la babu, akaanza upya.

Jani likatikisika. Mwanamke mmoja akatoka, mfupi, kitenge kimefungwa kifuani, mkononi bado ana mwiko. Alisimama penye mwanga akikinga macho. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alitembea akaingia mtoni, magotini, kiunoni, kifuani, moja kwa moja kuelekea mashua iliyokuwa inampita. Onema akaruka, na Twaibu akaisimamisha mashua kwa mti wake mrefu. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akapapasa macho, pua, masikio, zile chale za shingoni, kama mtu anayesoma gizani, ingawa jua lilikuwa utosini.

Kisha akaugeukia msitu na kuita. Akaita tena.

Nao wakaanza kutoka. Mmoja nyuma ya mti, wawili kwenye vichaka vya mto, mzee anayebebwa, wasichana wameshikana vidole, wanawake na watoto migongoni, kutoka mahali ambapo ningeapa kwamba pana majani tu. Walikuja mpaka ukingo wote ukajaa. Nilikaa nyuma ya mashua, mikono mapajani, nikiwatazama wanavyozidi kutoka.